Jibu: Seva ya nyumbani, barua zinarudi na sijatuma spamu

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: seva yako ya barua pepe iko nyumbani, barua zinaingia vizuri, ila unazotuma zinarudi kwa sababu IP yako (anwani yako ya mtandaoni) imo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha IP zisizoaminika kutuma barua.

Kabla hujagusa chochote, angalia ni orodha ipi. Namba ambayo Spamhaus inajibu ukiiuliza kuhusu IP yako ndiyo inayosema. Ukiona 127.0.0.10 au 127.0.0.11, hiyo ni orodha ya PBL, na wala hujakosa: ni IP za majumbani, zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja kwa poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua. Ikiwa 127.0.0.4 ni orodha ya XBL, yaani kuna kifaa kwenye mtandao wako kimeambukizwa virusi. Mimi ilinipata, nikahangaika na seva wiki nzima, kumbe ni kiboksi cha TV cha sebuleni!

PBL unaweza kuomba utolewe, lakini bila IP ya kudumu na PTR (rekodi ya DNS inayotaja jina la IP) inayolingana na jina la seva, Gmail watakukataa vilevile. Mimi niliacha kubishana. Nilikodi seva ndogo nje, yenye PTR, nikaiweka kwenye relayhost (mpangilio wa Postfix, programu yangu ya barua, unaosema barua zipitie seva ipi) kwa poti 587, ya kutuma barua kwa nywila. Barua zinakaa kwangu, zinatokea kule tu. Usisahau kuongeza IP ya kule kwenye SPF, rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa chako. Nilisahau, nikarudi mwanzo. Saini ya DKIM, inayothibitisha kuwa barua imetoka kwenye kikoa chako, iweke hapo hapo nyumbani.

Hayo ni ya Postfix, Exim (programu nyingine ya barua) sijawahi kuigusa. Bandika hapa mstari mzima wa kosa kutoka mail.log (faili la kumbukumbu za seva), ila futa anwani za watu.