Kabati la mtumba linamwaga unga, na mlango haufungi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya mawe kijijini, mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa. Ina zaidi ya miaka 120, na tumeamua kuijaza vitu vya zamani vya mtumba, hatutaki vya dukani. Mwezi uliopita tulipata kabati kubwa la nguo la mwaloni kwenye vide-grenier, lile soko la siku moja ambapo watu huuza vitu vyao vya zamani, kwa bei ya kutupa. Wiki hiyohiyo nikaanza kuona unga chini yake, na ubavuni kuna vitundu vidogo. Mlango wa kulia unagongana na wa kushoto, haufungi mpaka niusukume kwa goti. Halafu tulitaka likae chumba cha juu, ngazi imekataa. Mume wangu anataka kulipiga msasa lote alipake rangi nyeupe. Mimi naogopa litaambukiza nyumba nzima wadudu. Tufanye nini? Na tukienda kutafuta vitanda na taa tuangalie nini? (Msomaji, Creuse)

JIBU: Marahaba dada. Mwambie shemeji aweke msasa chini kwanza, nitamrudia.

Tuanze na unga, maana ndio unaokukosesha usingizi. Unga wa wiki ya kwanza hauthibitishi kitu. Mdudu anayebungua mbao huacha ndani yake vijia vilivyojaa unga. Kabati likitulia mahali pamoja miaka 60, unga nao unatulia humo. Siku mnalipakia kwenye gari, likarukaruka njiani, mkaliburuta sakafuni, unga wa zamani unamwagika hata kama mdudu wa mwisho alikufa kabla wewe hujazaliwa. Nimeona wateja wakichoma samani nzuri kwa hofu ya unga huo.

Chukua tochi uvikague vitundu kwa karibu. Kitundu cha zamani kingo zake zimekuwa nyeusi, zina nta na uchafu. Kipya kina rangi ya mbao mbichi, kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Kama ni vya mviringo, upana wa milimita 1 hadi 2, huyo ni mdudu wa kawaida wa samani, Wafaransa humwita vrillette. Kama ni vya umbo la yai na vinafika milimita 6 au zaidi, huyo ni mwingine kabisa, capricorne, na chakula chake ni mbao laini kama msonobari. Kwenye kabati la mwaloni sitegemei umwone, lakini panda darini ukaangalie boriti za paa. Ukimkuta huko, huo si ugomvi wa kutumia kopo la dawa la dukani, ita kampuni ya kazi hiyo. Na ukikuta mchwa, sheria ya Ufaransa ya mwaka 1999 inamtaka mkaaji wa nyumba atoe taarifa kwenye ofisi ya meya.

Sasa fyonza unga wote kwa mashine ya vumbi, nje, ndani, mgongoni na chini ya miguu. Ziba vitundu unavyoviona kwa nta ya rangi ya mbao. Tandika karatasi nyeusi chini ya kabati, andika tarehe pembeni, usiliguse. Mdudu mzima hutoka kati ya Mei na Agosti, kwa hiyo subira ya wiki mbili za Januari haitakuambia kitu. Kirundo kipya kikijitokeza palepale juu ya karatasi, au nta ikatobolewa, hapo una mpangaji.

Akiwepo, usiogope sana. Kiini cha mwaloni ni kigumu na kina tanini nyingi, ile dutu chungu ya asili inayoilinda mbao. Vrillette hula ile mbao nyeupe ya pembeni iliyokuwa karibu na gome. Ndiyo maana mara nyingi utakuta vitundu vimejipanga kwenye ukingo mmoja wa ubao, pengine vimeanzia miguuni, pengine kwenye mbao za mgongoni, ambazo maseremala wa zamani walizitoa kwenye mti wa bei rahisi. Ubao wa mgongo uliooza unabadilishwa kwa saa moja, hakuna aibu. Kwenye sehemu nyingine ingiza dawa yenye permethrini kwa sindano, kitundu kwa kitundu, kisha paka kwa brashi upande wa ndani usio na vanishi. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha. Na paka wa nyumba aondolewe mpaka dawa ikauke, permethrini humuua. Kitu kidogo, kama kigoda au fremu ya picha, hakihitaji dawa: kifunge vizuri kwenye plastiki, kilaze wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri.

Lakini kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo kubwa kuliko kabati. Nyumba yenu ya mawe ina unyevu kiasi gani? Buu wa mdudu huyu hukaa ndani ya mbao miaka miwili, mitatu, hata zaidi, na anapenda mbao yenye maji. Mbao ikikauka hadi chini ya asilimia 12 hivi, anadhoofika. Kuta za zamani za mawe zilijengwa kwa chokaa ili zipumue. Mtu akija miaka ya baadaye akazipiga plasta ya saruji, maji yanakosa pa kutokea na yanasogea ndani. Ukiegemeza kabati kwenye ukuta wa namna hiyo, hasa wa upande wa kaskazini, utaona ukungu mgongoni kabla ya mwaka kuisha, na utakuwa umemwandalia mdudu karamu. Nunua kipimo cha unyevu wa hewa, ni cha bei ndogo. Kikicheza kati ya asilimia 45 na 60, vizuri. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya kabati na ukuta, na kama sakafu ya chini ni vigae vya udongo vilivyotandikwa juu ya ardhi, kila mguu uwekee kipande cha mbao ngumu. Msiende upande wa pili pia: hita kali iliyo jirani na kabati hupasua mabapa ya milango, mlio wake utausikia usiku.

Haya, shemeji na msasa wake. Kabati la mwaloni lenye miaka mia lina ngozi yake, nta juu ya nta, na mkono wa watu. Msasa unaiondoa kwa dakika kumi na hairudi. Chovya kitambaa cheupe kwenye tapentaini, futa sehemu iliyojificha. Kikitoka cha kahawia na mbao ikang'aa, ilikuwa nta chafu tu: safisha kabati zima hivyohivyo, likauke siku mbili, paka nta mpya kidogo sana, sugua kwa kitambaa cha sufu. Jaribu pia tone la spiriti. Pakinata, ujue ni vanishi ya shelaki, nayo hutengenezeka bila kukwanguliwa. Baada ya hapo, kama bado anataka rangi nyeupe, basi, ni kabati lake. Ila mimi rangi ningeiweka kwenye kabati la vyombo la msonobari, au kwenye yale makabati meusi yenye nakshi nzito wanayoyaita Henri II, ambayo siku hizi watu karibu wanakubembeleza uyachukue.

Kwenye kitu ambacho tayari kina rangi ya zamani, kitanda cha mtoto au madirisha ya mbao, msasa mkavu ni hatari ya kweli, maana rangi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi. Ndiyo sababu nyumba ya kuishi iliyojengwa kabla ya 1949 huuzwa pamoja na ripoti ya kipimo cha risasi. Mtakuwa mmepewa yenu, itafuteni kwenye makaratasi muisome.

Kuhusu ununuzi unaofuata. Kwenye vide-grenier muuzaji ni mtu wa kawaida anayemwaga vya darini kwake, sheria inamruhusu mara mbili tu kwa mwaka. Hajui sana anachouza, na wewe usitegemee dhamana. Kwenye brocante, yaani duka au soko la vitu vya zamani, ni mfanyabiashara, bei iko juu lakini ana jina la kulinda. Jumuiya za Emmaüs, zile za hisani zinazouza vitu vilivyotolewa na watu, zilizoanza mwaka 1949, mimi huzipenda kwa vitu vikubwa, maana unaweza kuvuta droo zote ukalala sakafuni na tochi bila mtu kukukodolea macho.

Kitanda cha zamani kipime kabla ya kukipenda. Vingi vina upana wa sentimita 120 au 130, na godoro la watu wawili linalouzwa sasa ni 140 kwa 190. Utaishia kuagiza godoro la kupimwa, na fedha uliyookoa kwenye kitanda itaishia humo. Godoro la mtumba usichukue hata ukipewa bure, sababu ni kunguni. Viti vya kitambaa vikague kwenye mishono na chini ya kiti: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, kiache hapohapo. Taa nzuri nunua umbo tu. Nyaya zilizovikwa kitambaa, ambazo mpira wake wa ndani umekauka na kukatika kama biskuti, ng'oa zote, weka waya mpya, holda mpya na plagi mpya. Taa ya chuma iwe na waya wa ethi.

Sasa ngazi. Makabati haya hayakupandishwa yakiwa mazima, yalitengenezwa yafunguliwe. Fungua mlango nusu, uinue juu, utatoka kwenye bawaba zake. Lile taji la juu linainuliwa, watu wawili. Toa rafu, kisha mbao za mgongoni. Halafu angalia ndani, pale mbao za kulala zinapoingia kwenye nguzo: utaona vigingi vya mbao vilivyochomoza kidogo. Kigingi kina ncha nyembamba na upande mnene. Gonga nyembamba kwa nyundo ya mpira na kijiti, kitoke kilikoingilia. Vile vilivyolala sawa na uso wa mbao usiviguse, hivyo vimeshika fremu na havikukusudiwa kutoka. Kama hakuna vigingi, tafuta skrubu ndefu au bolti. Kila kipande kiandike kwa chaki, ingawa huenda ukakuta seremala wa kwanza alishakwaruza namba za Kirumi kwenye viungo. Kiungo kilicholegea kisitiwe gundi ya kisasa isiyoachia, tumia gundi ya moto ya ngozi. Atakayefuata ataifungua kwa maji ya moto.

Mlango nimeuacha mwisho kwa sababu nina hakika haujaharibika. Zamani nikiwa kijana nilipiga randa mlango wa mteja uliokuwa ukigongana namna hiyo. Kabati likahamishiwa chumba cha pili, mwanya wa kidole mzima ukabaki katikati. Sakafu ndiyo iliyokuwa imeinama, na nyumba ya miaka 120 haina sakafu iliyonyooka. Simama mbele ya kabati, tazama milango inapokutana katikati. Mmoja umeshuka kuliko mwenzake. Ulioshuka, mguu wa mbele wa upande wake ndio wa kuinua: sukumizia chini yake kipande chembamba cha mbao, kimoja, kisha kingine, huku shemeji akijaribu ufunguo. Mkifika pale unapozunguka bila kusukumwa na goti, kateni kilichobaki nje.