Mchezo wa kwanza wa ubao kwa mtoto asiyetulia: pima muda wa kusubiri zamu

Aliyeuliza ana mtoto wa miaka miwili na nusu. Wamejaribu ludo: kete zimerushwa, ubao umepinduliwa, mtoto ameondoka kabla zamu haijamrudia. Sasa anataka mchezo wa ubao utakaomfanya mtoto atumie mwili, na anauliza anunue upi au atengeneze vipi.

Mtoto huyo hana kasoro yoyote. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ina orodha ya hatua za ukuaji, na humo kufuata kanuni au kupokezana zamu na watoto wenzake kumewekwa kwenye umri wa miaka 5. Kwa miezi 30 orodha hiyo hiyo inataja kuruka kwa miguu yote miwili, kutambua walau rangi moja, na kufuata agizo lenye hatua mbili. Huo ndio mtaji ulionao: kuruka, rangi moja, agizo la hatua mbili. Mchezo unaodai zaidi ya hapo utakushinda hata kama boksi lake linavutia vipi.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha, rangi au umri ulioandikwa kwenye boksi, jiulize mtoto atakaa muda gani bila kazi. Zamu moja ya mtoto wa umri huu ni kuokota dadu, kuirusha, kuifuata chini ya kiti, kuitazama, kisha kusogeza kitu. Hiyo ni nusu dakika. Mkiwa wanne, kila mmoja anasubiri dakika moja na nusu, na kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni safari ndefu. Ludo inaongeza tatizo la pili, kwamba hutoki mpaka upate sita. Piga hesabu: uwezekano wa kurusha dadu mara sita bila kupata sita hata moja ni karibu theluthi moja. Yaani katika kila watoto watatu, mmoja atarusha mara sita na kete yake bado iko nyumbani. Hapo kurusha kete kunaeleweka kabisa.

Michezo mingi inayouzwa kwa jina la michezo ya vitendo ina mtego huo huo. Mtoto mmoja anavuta kadi na kuruka kama chura, wengine watatu wanamtazama. Badilisha kanuni moja tu: kadi ikitoka, wote wanaruka, na wewe mzazi pia. Mchezo wowote wa kadi za vitendo unaokubali badiliko hilo unafaa. Usiokubali, kwa mfano kwa sababu kuna kifaa kimoja tu kinachoshikwa kwa zamu, uwekwe kando kwa mwaka mmoja au miwili.

Kama unanunua, ningeanza na First Orchard wa HABA, kampuni ya Ujerumani. Umeandikiwa miaka 2 na kuendelea. Ndani kuna matunda 16 ya mbao, manne ya kila aina, kikapu, kunguru wa mbao na dadu yenye rangi nne, picha ya kikapu na picha ya kunguru. Ukipata rangi unachuma tunda la rangi hiyo, ukipata kikapu unachagua tunda lolote, ukipata kunguru anapiga hatua moja kuelekea bustanini. Wote mnacheza upande mmoja dhidi ya kunguru, kwa hiyo hakuna mtoto anayeshindwa peke yake.

Jinsi ulivyoandikwa ni mchezo wa kuketi. Ufanye wa kukimbia hivi: matunda yaweke sakafuni upande wa pili wa chumba, mita tatu au nne, na kikapu na dadu vibaki kwako. Mtoto anarusha, anaona rangi, anakimbia kuchuma, anarudi na kutumbukiza kikapuni. Awe peku, kwa sababu soksi kwenye vigae huteleza, na tunda libebwe mkononi, kamwe lisiwe mdomoni. Wakiwa wawili, mmoja akikimbia kuchuma, mwingine anashika kikapu na kukisogeza mahali utakapomwelekeza. Wote wana kazi.

Kuna jambo ambalo maelezo ya boksi hayakwambii. Matunda hayo ni matufaha mekundu, matufaha ya kijani, pea za njano na plamu za buluu. Pea na plamu zinatofautiana kwa rangi na kwa umbo pia, lakini matufaha yanatofautiana kwa rangi pekee. Mtoto ambaye rangi bado zinamchanganya atakwama hapo hapo, na mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani atakwama muda mrefu zaidi. Siku za mwanzo toa matufaha yote, cheza na pea na plamu, na rangi isiyo na tunda kwenye dadu iwe "chukua lolote". Kanuni hiyo ya "chukua lolote" ibakize hata baadaye. Bila hiyo, ikibaki rangi moja tu kuchumwa, utasubiri kwa wastani mara tatu dadu itue upande huo au kwenye kikapu, na mtoto atakuwa ameshaondoka.

Twister, mchezo wa kuweka mikono na miguu kwenye madoa ya rangi, msinunue sasa. Mchezo huo unadai mtoto ajue kulia na kushoto, na uliandikwa kwa watoto wakubwa. Hungry Hungry Hippos, mchezo wa viboko wa plastiki, unapendwa kwa sababu hakuna zamu kabisa, wote wanabonyeza kwa pamoja, na kwa mtazamo wangu wazo hilo ni zuri mno. Lakini unatumia gololi, na mtoto wa chini ya miaka mitatu hapaswi kuwa karibu na gololi. Michezo ya kuvua samaki kwa sumaku chagua ile ambayo samaki wametulia. Ile ya samaki wanaozunguka huku wakifungua na kufunga midomo inadai shabaha ambayo mkono wa miaka miwili bado hauna.

Kutengeneza mwenyewe hakuhitaji ufundi mkubwa. Unahitaji dadu moja kubwa, karatasi ngumu 12 za A4, utepe wa gundi na mwanasesere mmoja laini.

Dadu iwe na sentimita 10 kila upande. Ukitumia boksi la kadibodi, lijaze karatasi zilizokunjwakunjwa mpaka lisibonyee. Boksi tupu likikanyagwa mara moja linabonyea, na kuanzia hapo linatua kwenye pande zile zile mbili. Ukitumia sponji, ivike kitambaa na uishone pande zote. Sponji tupu itang'atwa, na kipande kinachong'oka kinakwama kooni. Pande nne zipe rangi: nyekundu, njano, buluu na kijani, na kila rangi uichoree umbo lake (mduara, nyota, mraba, pembetatu) ili asiyejua rangi afuate umbo. Pande mbili zilizobaki chora vitendo. Kimoja kiwe cha kuamsha mwili, mfano kuruka kwa miguu miwili mara tatu. Cha pili lazima kiwe cha kutuliza: wote wanalala chini, wanafumba macho, mnahesabu mpaka tatu. Usikiache hiki. Vitendo vikiwa vya kurukaruka tu, baada ya dakika tatu watoto wanapanda moto, wanagongana, na mchezo unaishia kwenye kilio ambacho kilikuwa kinaepukika.

Vitendo vya kuepuka ni kuruka kwa mguu mmoja (orodha ile ya CDC inauweka kwenye miaka 5), kutembea kinyumenyume kwenye karatasi, na kuzunguka zaidi ya mara moja.

Karatasi 12 ndiyo njia. Zipe rangi na maumbo yale yale manne kwa mpangilio usiobadilika, unaojirudia mara tatu. Zilaze kwa upana, upande mfupi ukifuata urefu wa njia, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kati ya karatasi na karatasi. Njia nzima itachukua chini kidogo ya mita nne, na kama chumba ni kifupi ikunje kwa umbo la U. Bandika kingo zote nne za kila karatasi. Ukibandika pembe tu, kidole cha mguu kitaingia chini ya ukingo, karatasi itateleza na mtoto ataanguka kifudifudi.

Kanuni ni moja: ukipata rangi, nenda mpaka karatasi inayofuata ya rangi hiyo. Hakuna kuhesabu. Kwa mpangilio huo kila rangi inakusogeza karatasi moja hadi nne, wastani mbili na nusu, na ukijumlisha pande za vitendo njia nzima inakwisha kwa kurusha dadu mara nane hivi. Kila zamu ikiwa nusu dakika, hizo ni dakika nne. Huo ndio urefu unaotakiwa. Rangi isipokuwepo tena mbele, umefika nyumbani. Mtoto akiwa peke yake, yeye mwenyewe ndiye kete. Wakiwa wawili au zaidi, kete ni mwanasesere mmoja wa wote, na mwenye zamu ndiye anayembeba. Msiwape kila mmoja kete yake kwa sasa, maana siku hiyo ndipo "yangu iko mbele" inapozaliwa.

Usalama. Alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto na 0-3 iliyokatwa mstari maana yake ni kwamba bidhaa haifai kwa walio chini ya miezi 36, mara nyingi kwa sababu ya vipande vidogo. Haisemi kwamba mtoto wako hana akili ya kuucheza, na wala werevu wake hauiondoi hatari. Kipimo cha maabara ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kipande kinachoingia kizima humo hakiruhusiwi kwa umri huo. Nyumbani tumia kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, ambacho ni kipana kidogo na hivyo kikali zaidi: chochote kinachopita humo kitoke. Mipira ina kipimo chake, milimita 44.5, kwa hiyo usishuke chini ya sentimita 5. Sumaku ziwe zimefunikwa ndani ya mbao, maana sumaku mbili zikimezwa huvutana na kubana utumbo katikati. Mchezo wenye betri za kitufe uwe na kifuniko cha skrubu. Betri hiyo ikinasa kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili.

Siku ya kwanza usieleze kanuni. Rusha dadu tu, fanyeni kitendo, basi. Siku ya pili au ya tatu weka njia. Maneno yako yawe mafupi: "Rusha. Nyekundu! Nyekundu iko wapi?" Dadu ikirushwa hovyo, weka beseni sakafuni na mwambie airushe humo, mtoto anayelenga beseni hamlengi mwenzake. Kama ana kaka au dada mkubwa, mpe kazi ya kutangaza rangi au kutunza beseni, kwani akicheza sawa na mdogo atachoka na kuanza kumwamuru. Mtoto akipenda kunguru ashinde, mwache ashinde. Simamisha mchezo wakati bado anautaka.

Utajua wakati wa kumpa kila mtu kete yake umefika akianza kukushika mkono unaposogeza nje ya zamu, na akirusha dadu kisha akaitazama kabla ya kukimbia. Yote mawili yakitokea katika mchezo mmoja, ongeza kete ya pili, lakini njia ile ile ya karatasi 12 iache kama ilivyo.