Mchango wa uji katika fleti za Ntinda

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mnaishi kaya 36 katika fleti za Ntinda, Kampala, na kwamba mlipoomba majirani wachangie "chakula chochote" mwaka jana mlipata chumvi nyingi kuliko kitu kingine; sasa unauliza kama mchango wa safari hii uwe na mada moja. Mada moja ingewasaidia sana, kwa kuwa jirani anayejua hasa kinachohitajika hununua bila kusitasita. Mimi ningechagua uji wa asubuhi: unga wa mahindi, unga wa ulezi, sukari na karanga, lakini baada ya kuuliza kwanza kituo kitakachopokea kama watoto wake wanaula na kama kina mahali pa kuuhifadhi.

Nakusihi uwe mkali kuhusu unga na karanga, kwa sababu vikihifadhiwa penye unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini na isiyoisha kwa kupikwa jikoni kwa kawaida. Pokeeni pakiti ambazo hazijafunguliwa na ambazo tarehe yake haijapita, mziweke juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, na mzipeleke ndani ya wiki moja.

Anzeni mara tu baada ya mishahara ya mwisho wa mwezi. Mwarifuni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wenu, na wanaotuma fedha kwa simu waandikwe daftarini mbele ya mashahidi wawili, maana hapo ndipo manung'uniko huanzia. Kaya isiyo na cha kutoa isigongewe mlango mara ya pili.