Kilwa hadi Mafia na begi mgongoni: uliza maji kwanza

Mume wangu alipoteza kandambili ya kushoto kisiwani Songo Mnara, karibu na Kilwa, na mpaka leo anasema kosa lilikuwa langu. Ana haki. Mimi ndiye niliyemwambia nahodha tutaondoka saa nne asubuhi, kwa sababu nilitaka kwanza nipate chai na mihogo. Nahodha akanitazama, akaitazama bahari, akasema, "Sawa dada, ila shemeji akunje suruali." Tulipofika maji yalishakupwa. Boti ikagusa chini mbali na ufuko, tukashuka mabegi yakiwa kichwani, tukakanyaga tope la mikoko karibu nusu saa. Tope likaibakiza kandambili. Hatukusemeshana mpaka tulipofika kwenye magofu.

Basi ukiniuliza wawili wanaotaka kuzunguka huku kwa begi la mgongoni waanze na nini, sitataja bajeti. Jioni ile mnayofika, teremkeni pwani, waamkieni wazee, waulizeni kesho maji yanajaa saa ngapi. Muda huo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo jibu la juzi halikufai leo. Ulizeni pia kama ni bamvua, yaani siku za mwezi kuandama au mwezi mpevu, maana hapo bahari hurudi nyuma sana. Sisi tuliangukia humo humo.

Njia yenyewe si ngumu. Basi la kusini kutoka Dar, mnashuka Nangurukuru, kisha gari dogo hadi Kilwa Masoko. Kibali cha kutembelea magofu kateni Masoko kabla ya kuvuka, na boti mpatane bei ya boti nzima, kwenda na kurudi. Nauli ya kwenda tu ni mtego: ukishakuwa ng'ambo, bei ya kurudi anapanga mwenye boti. Na kama hakuna jaketi okozi, shukeni, hata kama nahodha ni shemeji wa shemeji.

Kilwa Kisiwani ipeni siku nzima. Wengi hupiga picha ngome ya Gereza na Msikiti Mkuu, wakarudi. Husuni Kubwa iko pembeni, juu ya mwamba unaotazama bahari, na ni mwendo wa jua kali, ndiyo maana huachwa. Sisi tulikaa pale zaidi ya saa moja, kwenye ukingo wa birika lenye pembe nane, tukila machungwa. Jumba hilo la mawe ya matumbawe na chokaa ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 ndiye aliyemkuta anatawala. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, ilipitia hapa. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 hadi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo.

Mwongozaji wetu alitusimulia habari ya kale kwamba Mshirazi wa kwanza alikinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka chote. Mume wangu akaguna, "Hata mjomba wako hakufika huko." Mahari yangu bado inamuuma.

Songo Mnara ni kimya zaidi. Nyumba, misikiti, makaburi na mibuyu, na siku ile tulikuwa sisi tu na mlinzi. Visiwa vyote viwili viliingia pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 vilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Kuhusu mabegi: kila mtu abebe lake. Mimi nilijaza gauni tatu na pasi ndogo (ndiyo, pasi), nikategemea kubebewa. Siku ya tatu begi lilikuwa limeleta maneno kuliko fedha. Kanga doti moja inatosha kuwa taulo, shuka, pazia la dirisha la gesti na stara ya kupita kijijini. Pesa taslimu zigaweni, nusu kwake nusu kwako, mtu akidumbukia majini msilale njaa.

Kwenda Mafia hamna haja ya kurudi Dar. Shukeni Bungu, chukueni usafiri wa Nyamisati, halafu chombo cha Kilindoni. Kinapita kwanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na hapo pia anayeamua saa ya kung'oa nanga ni maji. Nendeni kati ya Oktoba na Machi kama mnataka kumwona papa potwe. Tulikwenda Januari. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, lakini mnyama mkubwa kuliko daladala alipita chini yangu taratibu, madoa meupe mgongoni, mdomo wazi, akichuja vijidudu vya majini kama hana habari na mtu. Msimguse, wala msimkate njia. Wapo waongozaji watakaokuhimiza umsogelee upate picha, mkatalieni.

Kisiwa kidogo cha Chole, hapo Mafia, mnakiona kwa nusu siku: popo wakubwa wa matunda, jamii ya wale wa Komoro, wananing'inia mitini mchana kweupe wakigombana, na mizizi imeyakumbatia magofu ya enzi ya Wajerumani. Jirani yake ni kisiwa cha Juani, chenye magofu ya mji wa Kua, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kua inafikika vizuri maji yakiwa juu, chombo kikipenya katikati ya mikoko.

Usiku wa kuamkia Kua mume wangu alitoweka, akarudi na kandambili mpya za bluu. Alfajiri nikasikia ananitikisa bega. Begi lake lilishafungwa, kandambili zimefungwa juu yake kwa kamba ya katani, fundo mbili.

"Amka. Maji yanajaa saa tatu kasoro. Chai nimeitia kwenye chupa, utainywea botini."