Kinga ya mkono ya fedha ya Wanavajo
Ndugu, umeuliza iwapo kinga ya kifundo cha mkono ya Wanavajo (kabila la Wenyeji wa Marekani), iitwayo ketoh, yafaa kuvaliwa kama pambo tu, na jinsi ya kuitambua iliyo halisi. Yafaa, kwa kuwa Wanavajo wenyewe, ambao zamani waliifunga ili ugwe wa upinde usiwachubue, wanaendelea kuivaa kwa urembo. Igeuze kabla ya kulipa: bamba la fedha, ambalo mara nyingi humiminwa katika kalibu ya jiwe laini la volkano, hushikizwa kwenye ngozi nene. Dai jina la sonara kwa maandishi, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza bidhaa kwa kudai kwa uongo kwamba imetengenezwa na Wenyeji wa Marekani. Nakusihi usiitumbukize katika dawa ya kung'arishia, isije ikaharibu ngozi na vito vya feruzi.