CCCP kifuani: maswali yenu kuhusu jezi za hoki za Kisovieti

Tangu nigusie hapa jezi za hoki ya barafuni zilizochezewa enzi za Umoja wa Kisovieti, maswali hayajakauka. Leo nayajibu matano.

Nimeokota jezi nyekundu yenye CCCP kwenye mitumba ya Karume kwa shilingi 8,000. Mgongoni ina namba 17. Nimeula? (Dar es Salaam)

Taratibu, ndugu yangu. Kwanza tuisome ilivyo: hizo si C na P zetu, ni herufi za Kirusi na hutamkwa S-S-S-R, kifupi cha jina la nchi yenyewe. Namba 17 ilikuwa ya Valeri Kharlamov, winga wa timu ya taifa ya Kisovieti aliyewahangaisha Wakanada kwenye mfululizo wa mechi za nchi hizo mbili mwaka 1972, na ndiyo maana wanaotengeneza nakala huikimbilia kabla ya nyingine yoyote. Baada ya nchi ile kuvunjika Desemba 1991, watalii waliuziwa vitu vya CCCP kwa mafungu pale mtaa wa Arbat na soko la Izmailovo, Moscow. Nakala bado zinashonwa hadi leo. Igeuze ndani nje. Ukikuta lebo ina anwani ya tovuti, kesi imekwisha. Ivae tu, rangi yake nzuri.

Nitajuaje kama jezi ilichezewa kweli? (Nairobi)

Hapa ndipo penye kazi. Hoki ni mchezo wa kugongana, na jezi hukumbuka. Tafuta michirizi myeusi ya paki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombania. Tafuta alama za magongo mikononi, viwiko vilivyoota vinundu vya nyuzi, na sehemu zinazong'aa kama zilizopitiwa na pasi ya moto, pale mchezaji alipoburuzwa kwenye ukuta wa uwanja. Viraka visikutishe, maana jezi iliyochanika ilishonwa ikarudi kazini. Mimi kiraka hunipa moyo kuliko cheti.

Kisha tafuta picha za mechi. Usilinganishe namba, linganisha kasoro: pembe ya tarakimu iliyoshonwa upande, nafasi kati ya herufi na mshono, kiraka kilichokaa vibaya. Mkono wa fundi haurudii kosa lilelile mara mbili.

Na kabla ya kufungua pochi, fungua kalenda. Kharlamov hakucheza hata moja ya Canada Cup, mashindano ya timu za mataifa: ya 1976 aliikosa kwa sababu ya ajali ya gari, na ajali nyingine ilimuua tarehe 27 Agosti 1981, siku chache kabla ya ile ya pili kuanza. Kipa Vladislav Tretiak alistaafu 1984. Anayekuletea jezi ya Tretiak ya 1987 anakuuzia hadithi. Nasema haya nikiwa nimeshapigwa: “jasho” la jezi yangu ya kwanza lilikuwa maji ya chai.

Moja imeandikwa Tretjak, nyingine Tretiak. Ipi feki? (Arusha)

Tahajia peke yake haitoshi kuhukumu. Jina la Kirusi likihamishiwa herufi zetu, kila nchi huliandika inavyolisikia.

Bei inapandishwa na nini hasa? (Toronto)

Mechi, kuliko hata mchezaji. Wewe wa Toronto unalijua bao la Mkanada Paul Henderson, lililowapa ushindi dhidi ya Wasovieti kwenye mechi ya mwisho ya mfululizo ule: Moscow, 28 Septemba 1972, zikibaki sekunde 34. Jezi aliyofungia iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 1. Kwa Wasovieti, cha ajabu, hata kipigo kina wanunuzi, hasa cha Olimpiki ya majira ya baridi ya Lake Placid, Marekani, tarehe 22 Februari 1980, walipofungwa na Marekani 4-3. Tretiak alitolewa golini baada ya kipindi cha kwanza akaingia Vladimir Myshkin, kwa hiyo jezi ya Tretiak ya siku hiyo ingekuwa na jasho la dakika 20 tu!

Kwa mfuko wa kawaida, mimi ningeachana na CCCP. Ningetafuta jezi za klabu: Dinamo Riga, Sokol Kiev, Traktor ya Chelyabinsk. CSKA ni timu ya jeshi iliyotwaa ubingwa wa nchi mara 13 mfululizo, 1977 hadi 1989, na inajulikana mno. Walaghai hukimbilia majina makubwa, wala hawajui Chelyabinsk iko upande gani.

Naishi Mombasa. Joto na unyevu vitaiharibu? (Mombasa)

Vitaiharibu ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki. Ilaze bapa ndani ya sanduku, uizungushie karatasi laini isiyo na asidi, mbali na jua la dirishani. Usiining'inize, mabega yatavutika. Usiifue, hata mama mkwe akisema inanuka, kwa kuwa uchafu ule ndio ushahidi wako. Na usiivae kwenda Lighthouse jioni: jasho lako likishachanganyika na la beki wa Sokol Kiev, hakuna mtaalamu atakayeyatenganisha.