Vali ya nne kwenye tuba, tarumbeta kubwa ya besi: maswali ya wapiga besi wa Kanda ya Ziwa

Swali: Shikamoo fundi. Tuba yangu ya B-flati ina vali tatu. Kila nikibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja sauti inapanda kupita noti inayotakiwa, na mwalimu wa kwaya ananilaumu mimi. Je, vali ya nne itamaliza tatizo? (Msomaji wa Igoma, Mwanza)

Jibu: Marahaba. Usijilaumu, kwa kuwa kosa limo katika vipimo vya chombo chenyewe. Bomba la tuba ya B-flati lina urefu wa mita 5.5 hivi, vali ya kwanza huliongezea sentimita 67 ili sauti ishuke toni moja, na ya tatu huliongezea 104 ili ishuke toni moja na nusu, lakini kila moja imepimwa kana kwamba itafanya kazi peke yake. Ukizibonyeza pamoja unapata sentimita 171, ilhali kushuka toni mbili na nusu kunahitaji 184. Hizo 13 zinazopungua ndizo zinazoipandisha ile so ya chini ambayo besi huirudia karibu katika kila mstari wa wimbo, na ukibonyeza zote tatu upungufu unafika sentimita 24. Vali ya nne hupewa bomba la sentimita 184 kamili na kushika nafasi ya ile ya kwanza na ya tatu. Ikibonyezwa pamoja na ya pili hushika nafasi ya zote tatu, na upungufu hubaki sentimita 11.

Hata hivyo, kabla ya kukata chombo, vuta slaidi ya vali ya tatu, yaani kile kipande cha bomba kinachovutika, sentimita 3. Kwa sababu slaidi ina miguu miwili, umeongeza sentimita 6: vali ya pili na ya tatu zikibonyezwa pamoja zitatoa sauti sahihi, na upungufu ule wa 13 utabaki 7 tu. Palipotakiwa ya tatu peke yake, tumia ya kwanza na ya pili. Jaribu hivyo kwa mwezi mzima, kisha ndipo uamue.

Swali: Wazee wa bendi yetu wanasema kuongeza vali ni kuharibu asili ya tuba. Ni kweli? (Msomaji wa Nansio, Ukerewe)

Jibu: Kwa heshima zote kwa wazee, si kweli. Tuba ya kwanza, ambayo Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi, na Moritz, fundi wa ala, waliisajili Berlin tarehe 12 Septemba 1835, ilikuwa na vali tano.

Swali: Tunayo trombone iliyokufa yenye vali ya kidole gumba. Tunaweza kuihamishia kwenye tuba? (Msomaji wa Musoma)

Jibu: Hapana. Njia ya hewa ya vali ile ina upana wa milimita 14 hivi, na ya tuba kubwa mara nyingi ni 17 hadi 19. Pumzi itabanwa hapo na sauti itakonda. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana), utafute vali yenye upana uleule.

Swali: Vali tumeipata. Iwekwe wapi, na nani ailehemu? (Msomaji wa Sengerema)

Jibu: Iwekwe baada ya pistoni (vali ya kubonyeza) ya tatu, mahali ambapo bomba bado lina upana mmoja, kwa sababu bomba la kutoka kinywani hupanuka polepole na vali ikikaa humo hulivuruga umbo lake. Kumbukeni pia kwamba hewa hupita ndani ya vali hata isipobonyezwa. Pimeni urefu wa njia hiyo na mkate kipande cha urefu huohuo kwenye bomba la tuba, la sivyo tuba nzima itashuka.

Kuhusu fundi, natahadharisha kwa uchungu. Hapa Mwanza mafundi wa friji ni hodari, wengine wamelelewa na viwanda vya minofu ya sangara, lakini fimbo ya kulehemu yenye madini ya fedha waliyoizoea huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 600. Bomba langu moja lililehemiwa hivyo, likalegea hata nikalibonyeza kwa kidole gumba kama bati la koroboi. Mwombeni atumie lehemu laini ya bati na risasi, inayoyeyuka chini ya nyuzi 200, na mtoe kwanza pistoni, springi na vitambaa vyote. Kazi ikiisha, osheni asidi ya kulehemu siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ndani na nje, kwa kuwa ikiachwa kutu ya kijani itaanza kuzunguka kiungo.